Tulihama, na sababu tunayo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita imetulaumu sisi wakimbizi wa Kongo tuliochukuliwa Marekani kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, eti tunapewa nyumba mji mmoja na mwaka haujaisha tumeshafunga mizigo kwenda mwingine. Mwandishi ameiita "tabia ya kambini". Mimi nilifunga mizigo hiyo, naomba nafasi.

Hapa Houston nakunja mashuka ya hospitali pamoja na mzee wa Kivietnam. Aliingia nchi hii mwaka 1975, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka. Walikuja kama 130,000, wakawekwa katika kambi nne za jeshi. Yake ilikuwa Fort Chaffee, Arkansas. Ili utoke ilibidi upate mdhamini, au uonyeshe dola 4,000 kwa kila kichwa. Nani alikuwa nazo? Wadhamini walitafutwa na mashirika ya hisani, mengi ya makanisa, na serikali ikayalipa dola 500 kwa kila mkimbizi. Washington ilitaka watu watawanywe ili jimbo lolote lisilemewe. Gavana wa California, Jerry Brown, aliwapinga, akisema jimbo lake lina watu wengi wasio na kazi. Mashirika nayo yalisukumwa kumaliza kambi kabla mwaka haujaisha.

Mzee akaangukia North Dakota. Kanisa lilimpa makoti, vitanda, hata baiskeli. Mpaka leo anawaombea. Lakini wa kuongea naye Kivietnam alikuwa mkewe tu, "na tukigombana, nakaa bubu wiki nzima". Baada ya majira mawili ya theluji alipanda basi kuja huku. Maofisa waliona watu kama yeye wameharibu mpango.

Jimbo la Iowa lilifanya vingine. Gavana Robert Ray alikubali kuwapokea Watai Dam, watu wenye asili ya milima ya kaskazini-magharibi mwa Vietnam, kwa pamoja kama jamii moja. Wengi wao na watoto wao bado wako Des Moines, mji mkuu wa jimbo hilo. Sijui kwa nini mwandishi wenu hakuugusa mfano huo, maana unajibu nusu ya makala yake.

Sisi tulifika 2016. Shemeji yangu alikuwa tayari Houston, ila jina lake liliandikwa vibaya kwenye kesi yetu, tukahesabiwa watu wasio na ndugu na kupelekwa mji mdogo wa kaskazini. Afisa wa shirika lililotupokea alikuwa mwema sana. Yeye ndiye aliyetufundisha kuwasha jiko. Januari mke wangu akajifungua. Hakukuwa na mwanamke wa kumkanda. Nilimkanda mimi, mwanamume mzima, beseni la maji ya moto miguuni na simu begani, mama mkwe akinielekeza kutoka Nyarugusu na majirani zake wakicheka nyuma yake. Julai tukahama.

Mwandishi anapendekeza anayehama akatiwe msaada. Basi asahihishe kwanza hesabu yake: ule msaada wa shirika wa kupokelewa ulikuwa wa siku 90, si mwaka mmoja kama alivyoandika. Tulipohama ulikuwa umeshakwisha zamani, na nauli ya basi nililipa mwenyewe.

Wako,
Baba Neema
Houston, Texas