Mapumziko ya mfanyakazi yaheshimiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ambayo wengi wetu tunaidai kwa aibu, kana kwamba tunaomba msaada, nayo ni haki ya kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 kila wiki na, kwa anayestahili, siku 28 za likizo kwa mwaka.

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo. Kwa muda mrefu simu yangu imekuwa ikiita hata saa nne usiku, tajiri akitaka hesabu ya mzigo, nami naacha ugali ukipoa na kufungua daftari la mauzo, huku mwanangu akisinzia kwenye kochi, kitabu chake kikiwa mapajani, akinisubiri nimwelekeze. Mwezi uliopita niliandika malipo ya mteja mmoja mara mbili, kosa ambalo nisingelifanya kama ningelala vya kutosha.

Waajiri wanaoona mapumziko kuwa hasara wapige hesabu ya makosa ya namna hiyo. Nasi wafanyakazi, na hili najiambia mwenyewe kwanza, tuache kujisifu kwamba hatujachukua likizo. Maafisa kazi nao, wanapokagua sehemu za kazi, waulizie pia simu hizi za usiku.

Msomaji wako,
Dar es Salaam