Furaha, usiandike jina langu

Goma, jioni, umeme umekatika tena

Mama Furaha, mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Kaka yako alinisomea mara mbili, maana simu yake kioo kimepasuka, na miwani yangu niliikalia juzi. Unasema mkuu wa shule yenu huko Lubumbashi amewaomba walimu wapya wa maternele, shule ya watoto wadogo, waandike ukurasa mmoja: nani katika familia aliwavuta kwenye kazi hii. Tena unasema umeshaanza kuandika: "Baba yangu ni seremala, ndiye aliyenitengenezea vipande vya mbao vya kwanza."

Futa hapo.

Vile vipande sikuvitengeneza ili ujifunze kitu chochote. Ulikuwa na miaka mitatu, ulipenda kukaa chini ya meza yangu ya kazi, na mara mbili nilikukuta umeshika msumeno. Nikaokota mabaki ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, niliyokuwa naunda, nikayapiga msasa kidogo yasikuchome, nikayatupa kule karibu na mlango ili uyafuate. Basi. Hiyo ndiyo pedagojia yangu yote. Kwamba ulikaa pale ukayapanga, kubwa chini na ndogo juu, ukayaangusha, ukaanza tena mpaka saa ya chakula, hilo lilikuwa lako wewe. Mimi nilifurahi tu kwamba umeniacha nifanye kazi.

Ukitaka kuandika ukweli anza na Koko, bibi yako, mama yangu, yule ambaye jina lake umelichukua, ndiyo maana nakuita mama. (Huko najua bibi wanamwita kambo, kama wanavyosema bukari sisi tukisema bugali. Waandikie kambo, wasije wakafikiri unazungumzia kuku.)

Koko hakuketi kwenye dawati hata siku moja. Kusoma, alisoma maharagwe. Siku ya Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na ule moto ukateremka katikati ya mji mpaka ziwani, mimi nilibeba msumeno na godoro, mama yako akabeba sufuria na kaka yako, na Koko akakubeba wewe mgongoni na ungo wake kichwani. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Njia nzima mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, nilikuwa namgombeza: ungo wa nini? Hakunijibu. Nyumba yetu ilizikwa. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado ya moto, mvua ikinyesha yanatoa moshi kama jiko, na watu wakaanza kujenga juu yake kwa mbao kwa sababu mbao ndiyo ilikuwa rahisi. Wiki zile seremala hakulala. Nakuambia hili kwa aibu kidogo: mji ulilia, mimi nilipata kazi.

Sasa fikiria watoto. Shule nyingine zimeungua, wazazi wanatembea tangu asubuhi kutafuta misaada, bati, ndugu waliopotea. Watoto wanabaki juu ya mawe yale meusi yanayokata miguu kama chupa. Koko akatandika mfuko mbele ya kibanda chetu, akaweka ungo, akamwaga maharagwe ya msaada yaliyojaa mawe na vijiti. Hakuita mtu. Ukishaona bibi anachambua maharagwe peke yake, na wewe ni mtoto huna la kufanya, utakuja tu. Siku ya kwanza walikuja wanne. Baada ya wiki sikuweza kuwahesabu, na akina mama wakaanza kuleta maharagwe yao yachambuliwe hapo hapo.

Kulikuwa na watoto wa Kihunde, wa Kinande, wa Kinyarwanda, na wawili wa watu wa Bukavu. Kiswahili cha Koko kilikuwa cha kuchechemea, unakumbuka mwenyewe. Lakini asubuhi kila mtoto alimsalimu kwa lugha ya mama yake: huyu "wabukire", yule "mwaramutse". Alijifunza salamu hizo sokoni, hakujua zaidi ya hapo. Baada ya salamu ni Kiswahili, kwa sababu ungo ulikuwa mmoja. Mekundu huku, ya njano huku, yenye madoa huku. Jiwe, tupa. Yaliyotobolewa, tupa. Halafu anauliza: mekundu na ya njano, yapi mengi? Watoto wanabishana, anawaacha wabishane, kisha wanapanga mistari miwili wenyewe na kuangalia upi mrefu. Mwaka ule shangazi yako alipoona mistari ile alicheka, akasema hiyo wao walifundishwa kwa kitabu.

Kuna mmoja lazima nikusimulie. Mtoto wa fundi wa baiskeli wa jirani, labda miaka minne. Tangu usiku ule wa volkano hakusema neno. Mama yake alimpeleka kwa waombaji, wakamwekea mikono, wakampigia kelele, akazidi kujikunja. Koko hakumwambia "sema". Hakuwaambia wenzake "huyu ni mgonjwa". Alimpa kazi ya kushika ungo upande wa pili usiinamie mawe. Wakawa wanapepeta pamoja, bibi huku, mtoto kule, kimya. Siku moja, mimi nikiwa napiga misumari pale pale, mtoto akaokota punje moja, akaitazama, akasema: "Mbovu."

Nikaacha nyundo. Mama yake alikuwa anapita na maji, akaweka kidumu chini. Koko hata hakuinua uso. Akasema, "Ndiyo, mbovu. Itupe," akaendelea kupepeta. Ningekuwa mimi ningepiga kelele, ningeita majirani waje waone, na huenda asingesema tena mwezi mzima.

Wewe wakati huo ulikuwa mgongoni kwake, umelala. Kwa hiyo huwezi kuandika kwamba unakumbuka. Lakini ulikua mgongoni pale, na ulipoanza shule ya msingi ulikuwa unarudi saa sita, unatupa mfuko wa daftari na kwenda kuketi karibu na ule ungo "kumsaidia". Wadogo walikuogopa kuliko Koko. Ulikuwa mkali sana, mwanangu, sijui kama umepoa.

Wa pili ni shangazi yako. Yeye ndiye mwalimu wa kweli wa ukoo, mwenye diploma ya serikali, na miaka ile alikuwa anashika maternele moja huko Ndosho. Shule sitaitaja, mwenye kuijua anaijua. Banda la mbao, bati bila dari, watoto zaidi ya sitini, miezi mitatu anapita bila mshahara kwa sababu mshahara ni michango ya wazazi, na wazazi hawana. Wengine walimlipa makala, mkaa wa kupikia. Serikali ilipotangaza 2019 kwamba masomo ya msingi ni bure, watu walidhani na wadogo wamo. Hawakumo, mzazi wa mtoto wa miaka minne aliendelea kutoa mfukoni. Nilimwambia shangazi yako mara ngapi aache, afungue duka la unga!

Siku moja badala ya kunijibu aliniletea kazi. Anataka viti. Nikatengeneza thelathini, vizuri, imara, vya kiasi nilichoona kinatosha mtoto. Nikavipeleka mwenyewe. Akaniambia kaa hapo nyuma, kaka, utazame nusu saa. Nikakaa. Watoto walikuwa wanahangaika kama wamekalia siafu: huyu anageuka, yule anateleza, mwingine anapiga mateke hewani. Nikasema watoto wako hawana adabu. Akasema, "Tazama miguu." Nikatazama. Hakuna hata mmoja ambaye nyayo zake zilikuwa zinagusa chini. Viti vyangu vilikuwa sentimita thelathini na tano. Tukawasimamisha, nikapima goti la mmoja mmoja kwa futi kamba yangu, wa miaka mitatu, wa minne, wa mitano. Nikarudi kesho yake na msumeno, nikakata miguu mia moja na ishirini. Vingine nikavishusha mpaka ishirini na sita. Wale wale, banda lile lile, wakatulia.

Nilikuwa seremala miaka kumi na tano na sikuwa nimewahi kupima goti la mtoto.

Ungedhani basi nilielewa. Sikuelewa. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya sekondari, ukasema unataka pedagojia, nikasema hapana, utachukua komersiali, ukae ofisini, upate kompyuta. Ukasema unataka watoto wadogo. Nikasema neno ambalo najua hujalisahau: kwamba sikukusomesha uje uwe yaya wa watoto wa watu, ukifuta makamasi. Ulinitazama, ukachukua sahani yangu ukaosha, na wiki nzima ulinihudumia chakula bila kuninyima na bila kuniambia neno. Sijui hasira hiyo ulijifunza kwa nani. Ya Koko ilikuwa hivyo hivyo.

Aliyekuandikisha ni mama yako. Mimi nilijua baadaye sana, kwenye mazishi ya Koko, wakati wanawake wanazungumza jikoni hawajui nimesimama mlangoni. Alikuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Virunga, na kila siku alikuwa anatoa bakuli moja pembeni, hesabu ya bakuli hilo hailetwi nyumbani. Kwenye karatasi yako muweke. Najua atasema "mimi nimefanya nini?", usimsikilize. Mtu anayeshinda juani anafukuza nzi kwenye samaki ili mtoto wake asomee kile ambacho baba yake amekataa, huyo si wa kuachwa nje.

Mimi nilishindwa mwaka 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei jioni mlima ukapasuka tena, na tarehe 27, matetemeko yalipozidi, wakatuamuru tuhame. Barabara ya Sake unaikumbuka, watu kama mto, chukudu zimebeba magodoro, mbuzi, wazee. Tukalala kwenye uwanja wa kanisa. Watoto walikuwa wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Na kandambili zao zimechanganyika zote, kila mama anatafuta ya mwanawe anagombana na mwenzake.

Ukasimama. Ukasema wote wavue. Ukazikusanya lundo moja katikati, nyekundu, bluu, zilizokatika kamba, nikafikiri huyu binti amechanganyikiwa. Ukawakalisha duara, ukachukua moja ukaiinua: "Huyu amepotelewa na ndugu yake. Nani amwone?" Mmoja akakimbia kuokota ya pili. Ukazipima pamoja mbele yao, nyayo kwa nyayo. Si sawa, hii ni ndefu. Rudisha. Mwingine akaleta. Sawa! Wakaanza kusukumana kutaka zamu. Saa moja baadaye kila mtoto alikuwa na kandambili zake mbili, akina mama wamekaa, na wewe umeanza kuwapangia kutoka ndogo mpaka kubwa, mpaka na viatu vyangu vikaingia mwisho wa mstari, na watoto wakavicheka.

Mama yako aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungo umekosekana tu." Sikumjibu. Sikulitumia tena lile neno yaya, na samahani sikuomba siku ile wala baadaye, kwa hiyo naiomba hapa kwenye karatasi.

Basi andika: kambo yako na maharagwe yake, shangazi yako, mama yako na bakuli lake. Ndugu zetu wa Tanzania maternele wanaiita chekechea, na kila nikisikia neno hilo redioni naona mikono ya mama yangu inachekecha. Kama umebaki na nafasi chini ya ukurasa na unang'ang'ania kuniweka, weka viti. Andika kwamba nilivikosea kwanza.

Umeuliza pia kama vile vipande vya zamani bado vipo. Vipo. Vilikuwa ishirini na vinne, nimevipiga msasa upya, safari hii vizuri, nikavipaka mafuta ya kula, maana vernisi watoto wanailamba. Nimevifunga kwenye mfuko wa sukari nasubiri mtu wa kuvileta, njia unajua zilivyo siku hizi. Ila utapata ishirini na vitatu. Kile kirefu chenye fundo katikati mtoto wa kaka yako amekichukua, anasema ni simu yake, anampigia Koko, tena analala nacho. Nimejaribu kumbadilishia na kingine akaniambia hicho hakina vitengo vya kupigia. Nitakukatia kipya, au usubiri achoke nacho.

Baba yako