Mnaohama Desemba, fungeni mzigo kwa kuanzia na usiku wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako. Desemba imekaribia. Shule zinafungwa, watumishi wanasubiri barua za uhamisho, na kodi za miezi sita zilizolipwa Julai zinaisha. Hizi ndizo wiki ambazo Kenta, yale malori madogo ya mizigo, hazikai kijiweni hapa Mwanjelwa, na ndizo ambazo mvua za Mbeya zimeshakolea. Kabati likitoka mguu, sisi wapakiaji ndio tunaolaumiwa, na lawama nyingine ni halali yetu kabisa. Lakini mzigo mwingi huharibika kabla gari halijawashwa, kwa sababu umefungwa bila mtu kujiuliza utafunguliwa saa ngapi, na nani atakuwa na njaa wakati huo.

Magodoro ya watoto ni mepesi na yako karibu na mlango, kwa hiyo hutangulia garini. Juu yake huja makochi, kisha kabati, kisha viroba. Jioni familia imefika nyumba mpya, mtoto anasinzia kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kitu pekee anachokihitaji kiko chini ya kila kitu. Wakati huo sufuria ziko boksi moja, mwiko boksi jingine, na kiberiti hakuna anayejua kiliko.

Ndiyo maana tunasema anzeni na jioni. Siku mbili kabla ya kuhama, tengeni mfuko mmoja, ile shangazi kaja kubwa inafaa, muuandike kwa maki peni ya rangi na msiuchanganye na kingine. Humo wekeni sufuria moja ya ugali na moja ya mboga, mwiko, kisu, sahani na vikombe vya idadi yenu, unga kilo mbili, chumvi, sukari, majani ya chai, sabuni, kiberiti, tochi, nyundo na misumari michache, kamba ya kutundikia pazia, na balbu mbili. Balbu tunazisisitiza, maana wapangaji wengi huondoka na zao. Mfuko huo, magodoro ya watoto, mablanketi na ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji na kufunikwa viingie garini mwisho kabisa. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

Maharage yachemsheni siku moja kabla, yabaki kuungwa tu. Kwa anayehamia huku kutoka Dar es Salaam au Kyela hili lina uzito zaidi. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, lakini maharage hayaivi kwa muda uliouzoea. Wageni hudhani wameuziwa ya zamani. Loweka usiku kucha, umwage maji, kisha uongeze muda jikoni. Viazi mviringo havisumbui kiasi hicho, na sahani ya viazi vya moto na chumvi kwenye mkeka, katika sebule tupu inayorudisha sauti za watoto, haihitaji meza wala kochi. Chupa ya chai ijazwe chai asubuhi hiyo na ipakatwe mbele na mtu mzima. Kioo cha ndani hakistahimili mtikisiko wa nyuma ya gari, na chai hiyo mtaihitaji.

Sasa kufunga. Sahani zisilazwe. Zisimamishwe kwa ubavu, moja moja ndani ya gazeti (gazeti lako lina karatasi nzuri kwa kazi hii, Mhariri, usichukie), na chini ya boksi tandikeni kanga au taulo iliyokunjwa. Sahani iliyolala hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na gari likipiga shimo moja hupasuka tatu za chini. Glasi ziingie kwenye soksi. Boksi likishajaa, litikiseni kidogo. Likitoa mlio, bado lina nafasi, ongezeni nguo. Vitabu na madaftari yaende kwenye maboksi madogo, kwa sababu boksi kubwa la vitabu hukatika kitako ngazini, tena kwa kawaida likiwa kichwani mwa mtu. Kitako chochote kipigwe selotepu kwa mkato wa msalaba, si mstari mmoja. Nguo hazihitaji boksi, viroba vya salfeti vinatosha, na ndivyo vinavyojaza mianya kati ya vitu vigumu.

Mafuta ya kula na mafuta ya taa yana ugomvi wao. Kwenye dumu, wekeni kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, na dumu lisimame kwenye beseni. Gari linalopanda kutoka Kyela, iliyo kwenye mita 500 hivi, linapofika juu hewa ya nje imepungua nguvu, ya ndani ya dumu inasukuma, na kifuniko kilicholegea kidogo kinatema. Unga uliopakiwa karibu na mafuta ya taa hauliwi tena.

Kitanda kikifunguliwa, kila bolti irudi na nati yake na washa yake, zote ziingie kwenye soksi au mfuko mdogo, na mfuko huo ufungwe kwenye ubavu wa kitanda chenyewe. Usiwekwe mfukoni mwa mtu, hasa mfukoni mwa dereva. Bolti nyingi za vitanda hufunguka kwa spana namba 13 au 10, kwa hiyo hizo mbili ziwe kwenye mfuko wa jioni. Andikeni kwa chaki kwenye kila kona, herufi ileile pande zote mbili zinazokutana. Chaga zifungwe pamoja kwa kamba. Kitanda cha mninga kitavumilia kufunguliwa mara nyingi. Cha mbao za paini kinataka mkono mwepesi, na kabati la mbao za kubandika ndilo lenye matatizo zaidi: skrubu ikitoka, tundu huliwa, na ikirudi haishiki. Likipita mlangoni zima, liacheni zima, tupu, milango imefungwa kwa kamba, libebwe kwa kushikwa chini. Likiwa limeshalegea, jazeni tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikauke, ndipo mkaze skrubu upya. Maji ni adui yake mkubwa kuliko sisi. Ubao ule ukinyonya mvua huvimba kingo, na haurudi.

Friji izimwe jioni ya kuamkia safari, mlango uachwe wazi, barafu iyeyuke, ipanguswe. Isafiri imesimama. Ikilazimika kulala, oili ya kompresa hutiririka kwenye mabomba, na ukiiwasha papo hapo unaweza kuua kompresa. Isimame siku nzima kabla ya kuchomekwa. Mtungi wa gesi, uwe wa kilo 6 au 15, ufungwe koki, regyuleta itolewe, usimame nyuma umefungwa kwenye ubavu wa bodi, usiwekwe mbele na watu. Ukiunganisha nyumba mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Hatupendi hata kuandika kwamba wapo wanaopima kwa kiberiti. Jiko la mkaa nalo lizimwe jana yake na majivu yamwagwe. Kaa moja lililojificha chini ya majivu, karibu na godoro la sponji, likipigwa na upepo wa barabarani linatosha kuwasha gari zima.

Kuhusu gari, chumba kimoja kinaingia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Chumba na sebule hadi vyumba vitatu ni Kenta. Familia yenye vitu vya miaka mingi, au safari ya Mbeya hadi Iringa ya zaidi ya kilomita 300, ni heri Fuso moja kuliko Kenta iliyorundikwa hadi inayumba. Mzigo mrefu ni hatari kwenye kona za Kitonga kwa wanaotoka Morogoro, na kwenye miteremko ya Iwambi na Mlima Nyoka hapa kwetu. Kwenye kupanda mzigo husukuma nyuma, kwenye kushuka husukuma mbele. Kwa hiyo vizito, friji na kabati, vikae mbele vikigusa ukuta wa kebini, vifungwe kwa kamba yao wenyewe, tofauti na ile ya turubai. Baada ya nusu saa ya mwendo simameni mkaze kamba, kwa maana magodoro na viroba vimeshashuka na kamba iliyokuwa imekaza sasa inaning'inia.

Turubai liende hata kama anga ni jeupe. Mvua nyingi za huku hushuka mchana kuelekea jioni, kwa hiyo pakieni saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita. Kwa Tukuyu hatutoi ahadi yoyote, huko beba turubai mbili. Godoro la sponji lililolowa msimu huu halikauki kwa jua la siku moja, na ndani linabaki na harufu hata likionekana kavu. Nendeni pia na dereva kuangalia njia ya mtaani siku moja kabla. Mitaa mingi ya vilimani ina udongo unaoteleza, Kenta huishia chini, na mita za mwisho humalizwa kwa toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, au kwa mabega. Hilo likijulikana kabla, lina bei yake na halina ugomvi. Bei ya gari na bei ya wapakiaji ni vitu viwili. Ulizeni kama kushusha kumo, na kama ngazi zimo.

Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba fedha, chukueni namba ya mita ya LUKU mnunue umeme wa shilingi 5,000. Kodi ya jengo hukatwa humo tangu 2021, na nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa huwa imelimbikiza makato, ambayo humwangukia anayenunua wa kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Onyesheni ujumbe wa simu, mkubaliane ipunguzwe kwenye pango, iandikwe kwenye mkataba. Mita ya maji isomwe mbele yake na ipigwe picha. Mkishamaliza hayo, mpitieni mwenyekiti wa mtaa au mjumbe mkamsalimie kabla hajasikia habari zenu kwa wengine.

Usiku wenyewe sasa. Nyumba iliyokaa tupu ni ya baridi kuliko mnavyotarajia, sakafu ya saruji ndiyo inayovuta joto. Maboksi yaliyoshatolewa vitu yabomolewe, yatandikwe tabaka mbili chini ya magodoro. Tofauti yake inasikika mgongoni. Asubuhi magodoro yainuliwe, kwa kuwa sponji iliyolala sakafuni hushika unyevu chini. Mtoto apewe chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto yasiyochemka, imezungushiwa taulo, miguuni.

Jambo ambalo hatulivumilii ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili kupasha joto. Makete, Njombe, Mafinga na huku Uyole, baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu wengi, na hata Desemba, mvua ikinyesha usiku, wapo wanaofanya hivyo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala moshi wa kuwasha macho. Mkaa uliokolea mwekundu, ambao watu hudhani ni salama kwa sababu hautoi moshi, nao unaitoa. Huanza kichwa kuuma, kichefuchefu, halafu usingizi ambao mtu hauoni kuwa ni tatizo kwa sababu amechoka kwa kuhama. Jiko libaki nje au barazani. Chemsheni maji, kunyweni chai, ongezeni blanketi.

Pazia la chumba cha watoto litundikwe usiku huohuo, hata kama ni kanga kwenye misumari miwili. Dishi na king'amuzi vinaweza kusubiri kesho, ingawa akina baba wengi huvianza kabla ya kitanda.

Wenye kuku wasiwakamate mchana. Subirini giza liingie, wamelala, waingizwe kwenye tenga lenye nafasi na nyasi kavu chini, wasafiri usiku au alfajiri. Mchana wa jua, ndani ya kiroba, hufa kwa joto na kubanana. Mkifika, wafungieni kwenye banda jipya siku tatu au nne, maji na pumba humohumo. Wakiachiwa mapema hutafuta banda la zamani, au hulala kwenye mparachichi wa jirani, na jirani huyo bado hamjajuana. Siku ya kuwafungulia iwe jioni, ikibaki kama saa moja giza liingie, watachakura karibu kisha watarudi wenyewe. Jogoo mgomvi apate tenga lake.

Wapakiaji wa mizigo ya nyumbani,
Mwanjelwa, Mbeya.