Barua kwa vijana wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza

Wajukuu zangu,

Mlipokuja nyumbani wiki iliyopita kuniomba ushauri juu ya mkutano wa akina mama wa dagaa, mlikuwa mmeshapanga nani atashika kipaza sauti na bango litaandikwa nini. Nikawauliza: katika hao mama, wangapi wanaweza kukokotoa riba? Mkatazamana. Usiku ule nilimfikiria mwalimu mwenzangu wa hisabati ambaye sikujaliwa kukutana naye, Bob Moses.

Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935, akasomea falsafa hadi Harvard. Mwaka 1961 alihamia Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Kule, mtu mweusi akifika kujiandikisha, alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue kwa maandishi, na karani mzungu ndiye aliyeamua kama amefaulu. Watu wale wale waliowanyima wakulima weusi shule nzuri tangu utotoni ndio waliowageuka na kuwaambia hawana elimu ya kupiga kura. Mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na mtihani ule unaniuma mpaka leo.

Hakuanzia jukwaani. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akakaa barazani na watu, akasikiliza zaidi kuliko alivyosema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi watu wamsogelee. Aliwafundisha kujaza fomu, kisha akawasindikiza wenyewe mpaka kwa karani. Agosti mwaka ule, katika wilaya ya Amite, alishambuliwa njiani akapasuliwa kichwa. Aliinuka akaendelea na safari, damu ikimtiririka, kwa sababu wenzake wawili walikuwa wameshajikaza kwenda kujiandikisha.

Hapa naomba msome taratibu. Mwezi uliofuata, Herbert Lee, mkulima mwenyeji aliyekuwa akimsaidia Moses, alipigwa risasi akafa. Aliyempiga alikuwa mbunge wa jimbo, na hakufungwa. Moses alipasuliwa kichwa. Lee aliacha mjane na watoto. Wanaharakati huja na kuondoka, mwenyeji hubaki na wale wale waliomkasirikia. Je, mmewauliza akina mama watauza wapi dagaa wao kama wanunuzi wakubwa wakiwasusa baada ya mkutano wenu? Waulizeni kwanza. Wakisema bado, basi bado.

Jina lake lilipokua mno mpaka watu wakaanza kumngoja aamue kila kitu, aliacha kulitumia jina la Moses, akajiita Parris, jina lake la kati. Baadaye alikataa kwenda kupigana Vietnam, akapitia Kanada, akaja hapa kwetu Tanzania. Yeye na mkewe Janet walifundisha Same, Kilimanjaro, hadi mwaka 1976. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mtu huyo alishika chaki katika darasa la nchi yetu. Aliporudi Marekani alianzisha mradi wa kufundisha watoto maskini aljebra, akisema kwamba kutoijua ni kufungiwa mlango, kama alivyofungiwa asiye na kura. Alifariki Julai 2021.

Sasa tuje mwaloni. Jirani yangu mmoja alikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20, akadhani atarudisha 240,000 na kumaliza. Kumbe ilikuwa asilimia 20 kwa kila mwezi. Kwa miezi sita riba peke yake ilifika 240,000, ikaupita mkopo wenyewe. Alisaini bila kujua, na mimi nakaa nyumba ya tatu. Wakati huo huo halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama asiyejua kuandaa hesabu za kikundi hapati hata pa kuanzia.

Mkutano uahirisheni. Ubao ninao, chaki nitanunua. Tukutane Jumamosi saa kumi na moja jioni, dagaa wakishaanuliwa, chini ya ule mwembe karibu na chanja. Kila mmoja wenu akae na mama wawili, na kila mama aje na daftari lake la mauzo.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Nyakato