Matuta ya baiskeli yatunzwe, yasisawazishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo lililotokea mtaani kwetu, pembezoni mwa mji mmoja wa mikoa ya kaskazini, ambako mwezi uliopita greda lilisawazisha kwa asubuhi moja matuta ya udongo ambayo vijana walikuwa wameyajenga kwa majembe na mabeleshi tangu mwezi wa sita, wakiyatumia kurukia kwa baiskeli zao. Sitaji mtaa wala kiongozi, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko hatua chache kutoka kiwanja kile, na kijana aliyevunjika mkono, ambaye ajali yake ndiyo iliyoleta greda, ni mtoto wa dada yangu. Ninazo sababu zote za kuyachukia matuta yale, lakini naandika kuomba yajengwe upya, na safari hii yajengwe na kutunzwa inavyopasa.

Siku iliyofuata ajali nilikwenda kiwanjani na kamba ya uashi na pima maji, kwa sababu nilitaka kujua kilichotokea kabla ya kila mtu kusema lake. Tuta lenyewe lilikuwa na kimo cha mita moja hivi. Mvua za vuli zilikuwa zimepita, na maji yaliyoshuka kwenye uso wa kupandia yalikuwa yamechimba mfereji mwembamba katikati, mahali hasa gurudumu linapopita, nao ulizidi kupanuka kadiri ulivyokaribia ukingo wa juu. Ukingo huo ulikuwa umemegeka upande wa kushoto kwa upana wa kiganja. Gurudumu la mbele lilipofika pale halikupata udongo wa kulibeba, likazama badala ya kuinuka, na mtoto akarushwa mbele ya usukani. Alama ya tairi ilikuwa ingalipo: imeingia ndani ya mfereji, imefuata mkondo wake kama urefu wa mkono, kisha imekatika. Nilipowauliza vijana, walikiri kwamba wote waliuona mfereji ule kwa muda wa wiki mbili, na kila mmoja alidhani mwenzake angeuziba.

Hapo ndipo ulipo msiba wetu, Ndugu Mhariri. Kilichomvunja mpwa wangu mkono ni tuta lililojengwa kwa bidii kisha likaachwa bila mwenyewe. Mchezo huu, tofauti na soka, uwanja wake huharibika kila unapotumika na kila mvua inaponyesha, na anayeujenga asipokuwa tayari kuufanyia kazi kila wiki ni afadhali asianze. Nimewaambia vijana maneno haya uso kwa uso, na nayarudia hapa ili wenzao wa miji mingine nao wayasikie.

Kwa bahati, huku kwetu tunao udongo mwema. Udongo mwekundu wa miteremko ya mlima una mfinyanzi wa kutosha kushikana, na kila aliyewahi kufyatua matofali anaujua unavyokubali kushindiliwa. Ule mweusi wa mbugani haufai, kwa kuwa huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mchanga wa mtoni hausimami hata siku moja. Kipimo cha unyevu ni kilekile cha mfyatua matofali: ukikamata udongo mkononi na kuubana, utoke kama tonge linaloshikana na kuvunjika vipande viwili safi likibinywa, ukipukutika, unahitaji maji, na ukiacha matope kiganjani, subiri ukauke. Udongo wa juu wenye majani na mizizi hutengwa kando, kwa sababu mizizi ikioza ndani ya tuta huacha matundu, na tuta hutitia bila kutoa taarifa. Kisha udongo hupangwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, na kila tabaka hushindiliwa kwa gogo lenye mpini kabla ya kuweka linalofuata. Vijana wetu walirundika udongo wote kwa pamoja na kuupigapiga juu kwa mgongo wa beleshi, kwa hiyo gamba la nje lilikuwa gumu na ndani mlikuwa laini kama kifusi kilichomwagwa jana. Kwa uso wa mwisho sijaona kitu kinachoshinda udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa, uliopondwa na kuchekechwa, ule ambao mama zetu walisiribia nyumba.

Kuhusu umbo, naomba wazazi na viongozi waelewe tofauti moja ambayo ina uzito kuliko zote. Kuna tuta lenye pengo katikati, ambalo anayeruka lazima alivuke lote au agonge ukuta wa upande wa pili. Na kuna tuta lililojazwa juu, ambalo vijana wenyewe huliita meza, na anayeishiwa kasi hutua juu yake na kuendelea kuteremka taratibu. Kwa anayejifunza, pengo lipigwe marufuku kabisa. Meza ya nusu mita inamtosha, na ile ya mita moja aingoje mpaka aizoee ile ndogo. Upande wa kushukia nao uwe mrefu na mpana kuliko wa kupandia, na mteremko wake ufuate njia ya baiskeli inavyorudi chini. Mtu anayeanguka kutoka kimo cha mita moja hufika chini akiwa na kasi ya takribani kilomita 16 kwa saa. Akitua mahali tambarare, kasi hiyo yote humalizikia kwenye magoti na viganja vyake, bali akitua kwenye mteremko sehemu kubwa hugeuka kuwa mwendo wa mbele na baiskeli huendelea. Ninapotengeneza rimu zilizopinda najua moja kwa moja ni ipi iliyotua tambarare.

Wanaosema kazi hii ni ya watoto wasio na la kufanya wangekaa na beleshi nusu saa. Meza ya kimo cha mita moja na upana wa mita moja na nusu, yenye mita 2 za kupandia, mita 2 za juu na mita 3 za kushukia, hula karibu mita 7 za ujazo za udongo ulioshindiliwa, kabla ya kuhesabu kingo za pembeni ambazo nazo lazima zilale ili zisiporomoke. Kwa toroli la kawaida la lita 70 hizo ni safari zaidi ya 100, na tuta ni moja tu. Sijaona shughuli nyingine mtaani kwetu inayowafanya vijana wa umri ule kuamka alfajiri ya Jumamosi kwenda kuchota maji kwa madumu, wakabishana juu ya mteremko na kipimo, bila mtu kuwalipa wala kuwasukuma.

Baada ya kujenga ndipo kazi yenyewe huanza, nayo haina sifa wala haipigwi picha. Kabla ya kupanda, mmoja apite kila tuta kwa miguu, atazame ukingo na mahali pa kutua, na asipoliridhia alifunge kwa kulilaza gogo mbele yake. Siku za jua kali uso unyunyiziwe maji kidogo jioni, kwa kuwa vumbi linalopeperuka ni tuta lenyewe linaloondoka. Mvua ikinyesha hakuna kupanda hata kama siku ni ya mapumziko, maana tairi moja kwenye udongo uliolowa huchora mfereji ambao mvua ya pili huumalizia. Shimo likionekana lisizibwe kwa udongo mkavu wa kumwagia: likwanguliwe, lilowekwe, lijazwe udongo wenye unyevu uleule, lishindiliwe. Pembeni paoteshwe ukoka, na wakati wa masika nyuso zifunikwe kwa maturubai ambayo yamebanwa kwa mawe. Laiti hayo yangefanyika kwa wiki mbili zile, mpwa wangu angekuwa anaandika mitihani yake kwa mkono wa kulia.

Majirani walikuwa na lalamiko jingine ambalo nalikubali bila ubishi. Mashimo yaliyochimbwa ili kupata udongo yalijaa maji ya mvua, na katika mtaa ambao watoto huugua malaria hakuna anayepaswa kuvumilia madimbwi ya kuzalisha mbu kwa ajili ya mchezo wowote. Dawa yake ni udongo uletwe kutoka nje, kwa mfano kifusi chekundu kinachotupwa kila msingi wa nyumba unapochimbwa. Au, ikibidi kuchimba hapohapo, sakafu ya shimo ipewe mwinamo unaopeleka maji kwenye mtaro. Tuta lolote lililojengwa mahali maji yanapotuama litakufa kuanzia chini hata lishindiliwe namna gani, kwa hiyo mtaro huchimbwa kabla ya tuta la kwanza.

Wapo pia waliosema kwamba huu si mchezo bali ni uhuni. Kwa heshima naomba niwakumbushe kwamba mbio za BMX, yaani baiskeli ndogo za kurukia matuta, ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008, na kwamba mchezo huo ulianza takribani mwaka 1970 kwa watoto wa California kuwaiga waendesha pikipiki kwenye viwanja vitupu vya vumbi, vinavyofanana sana na hiki chetu. Mashindano ya dunia ya BMX yalishafika Afrika mwaka 2010, huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na mwaka 2025 majirani zetu wa Rwanda waliandaa mjini Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara hili. Sidai kwamba kijana wa mtaani kwetu atafika huko. Nadai tu kwamba anachokifanya kina jina na kanuni zake duniani, hivyo anastahili kusikilizwa na afisa michezo kabla ya kupelekewa greda.

Ombi letu, ambalo wazazi 11 tumelitia saini na kulifikisha serikali ya mtaa, ni kipande cha mita 40 kwa 20 katika eneo hilohilo la wazi, ambalo kabla ya matuta halikuwahi kutumika kwa lolote zaidi ya kutupia taka. Tumeomba tupewe kwa maandishi, ili ajulikane mwenye dhamana. Kwa upande wetu tumekubali meza pekee bila mapengo, kofia ngumu kwa kila anayepanda, marufuku ya kupanda na kandambili, na daftari litakalokaa kibandani kwangu ambamo aliyekagua ataandika jina lake na alichokiona kila siku ya mchezo. Breki nitazikagua mwenyewe bila malipo. Kama daftari hilo litakaa mwezi mzima bila kuandikwa, greda lirudi, nami sitaandika barua nyingine.

Hatuna haraka ya kuchimba. Udongo mzuri wa kushindilia hupatikana masika yanapokwisha, mwezi wa sita, ungali na unyevu wake. Ila jibu tungependa kulipata kabla ya mvua kuanza mwezi wa tatu, kwa sababu vijana wameshaandaa vijiti vilivyopakwa rangi nyeupe, nao wanataka kupita kiwanjani baada ya kila mvua kubwa ili kuvichomeka mahali maji yanapotuama, tujue pa kupitisha mtaro na pa kutoweka tuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli,
Mikoa ya Kaskazini