Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Tiketi mnatuuzia, daraja liko wapi?

Kwako Bwana Mkurugenzi,

KUH: NJIA YA MIGUU NA DARAJA LA MBAO KATIKA HIFADHI YA TAIFA UNAYOISIMAMIA PWANI

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Nairobi. Jina la hifadhi sitalitaja, kwa kuwa wewe unalijua, na nia yangu si kuwafukuza wageni wachache ambao bado wanaipenda. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizokuandikia faraghani zilijibiwa kwa maneno yale yale, kwamba suala langu linashughulikiwa, hadi Jumamosi iliyopita suala lenyewe lilipotushughulikia sisi.

Siku hiyo kundi letu la watembeaji lilifika langoni asubuhi, tukalipa ada ya kila mmoja, na karani akatukatia tiketi iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya matembezi ya miguu hadi kwenye mkono wa bahari. Njia hiyo huanzia kwenye mchanga mweupe wenye miti ya mirihi, hupita chini ya mibambakofi, kisha hushuka kwenye mikoko, ambako huwezi kwenda popote bila daraja la mbao, maana tope lake humeza mguu hadi gotini. Mbao za daraja hilo zimeoza upande wa chini ilhali juu zinaonekana nzima, na misumari imeliwa na chumvi hata vichwa vinang'oka ukivigusa kwa kidole. Mwalimu mmoja wa kundi letu, mama mtu mzima anayetembea kwa uangalifu kuliko sisi sote, alikanyaga ubao ukavunjika, mguu ukazama hadi pajani na msumari ukamchana muundi. Maji yalikuwa yanajaa, tena zilikuwa siku za bamvua, wakati ambapo bahari hupanda kupita kawaida kwa sababu ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Aliyembeba mgongoni ni mzee anayetuongoza, mwenyeji wa kijiji jirani, ambaye ofisi yako haimlipi hata shilingi.

Tulipofika langoni kuomba gari, askari wa zamu alituuliza kwa mshangao tulipitia wapi, kwani njia hiyo ilifungwa zamani. Nikamwonyesha tiketi. Akaisoma, akaigeuza, akautazama upande wa nyuma ambao hauna neno, kisha akasema kwamba mambo hayo ni ya ofisi ya malipo, yeye ni wa ulinzi. Gari halikupatikana.

Bwana Mkurugenzi, utakumbuka kwamba mwaka jana, siku ya kupanda miche ya mikoko, ulisimama juu ya daraja hilo hilo, pale mwanzoni palipokuwa pamepakwa rangi kwa heshima yako, ukaahidi mbao mpya kabla ya masika. Tulikupigia makofi. Masika yamekuja na kwenda, na tunachoweza kushukuru ni kwamba rangi imedumu.

Sijui kwa hakika kilichokwamisha kazi, lakini nina shuku zangu. Barabara ya magari ndani ya hifadhi ililimwa na greda kabla ya sikukuu, kwa hiyo fedha si kwamba hazipo kabisa. Huenda sisi tunaoteremka kwa treni hadi Mombasa, tukapanda matatu, tukaingia langoni na mkate na chupa za maji, hatuonekani kwenye hesabu zenu kama anavyoonekana mgeni wa gari la kukodi. Au labda fedha za langoni hupandishwa Nairobi zikasahau njia ya kurudi. Kama ni hivyo, nielekeze mlango wa kugonga, mimi naishi huku huku.

Sitaki kuambiwa kwamba kutembea msituni ni anasa ya watu wa mjini. Msitu wa pwani hautazamwi kupitia paa la gari. Yule sengi wa makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa pwani ya Kenya peke yake, ambaye ngome yake kubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke, utamjua kwa mchakacho wa majani makavu ukiwa umesimama kimya. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyepatikana kwingine ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, huonwa na aliye na mwenyeji anayejua tawi analolalia. Wala sitaki kuambiwa kwamba haiwezekani. Kule hifadhi ya Shimba Hills watu hushuka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick wakisindikizwa na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya ndovu, na hapa kwetu kwenye msitu wa Karura njia panda zina vigingi vyenye nambari hata mtoto wa shule hapotei.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, ya kulindwa usalama wake, na ya kulipwa fidia akidhurika kwa kasoro ya huduma hiyo, nayo inasema wazi kwamba mashirika ya umma hayakuachwa nje. Nakukumbusha tu, kwa kuwa najua una shughuli nyingi. Bili ya kushonwa kidonda cha Mwalimu na sindano ya pepopunda tulichangishana wenyewe. Mumewe hanisemeshi. Wanachama watatu wamejitoa, na wawili kati yao wananidai nauli, kana kwamba daraja ni la babangu.

Ningeweza kuomba fidia, vigingi, mshahara wa mzee wetu, na simu inayopokewa langoni. Vyote tunavihitaji, ila leo naomba mbao. Ikiwa mbao ni ghali, naomba kibao kimoja langoni kinachosema daraja ni bovu. Ikiwa nacho kibao lazima kitangaziwe zabuni, basi mwambie karani aache kuuza tiketi ile, na umwambie leo, kwa simu, kwa maana bamvua hurudi kila baada ya majuma mawili hivi, na kundi jingine la hapa Nairobi limekwisha kulipia.

Wako kwa heshima,
Mratibu wa kundi la watembeaji,
Kasarani, Nairobi