Barua kwa mwanangu anayetaka kupumzika peke yake wakati wa baridi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Baada ya salamu, niingie kwenye lile uliloniuliza. Unataka kwenda nchi nyingine majira ya baridi ya Ulaya, peke yako, mahali pakimya pasipokukausha mfuko. Shangazi yako alipodokezwa akauliza una ugomvi na nani hata usafiri bila mwenzio. Mwache. Mtu aliyeshinda mwaka mzima katikati ya makelele ya watu ana haki ya kunyamaza wiki moja bila kumweleza yeyote sababu.

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya tiketi, shika hili: mahali patulivu ni tofauti na mahali palipofungwa. Miji mingi ya pwani ya kusini mwa Ulaya imejengwa kwa ajili ya Julai na Agosti. Novemba ikiingia, hoteli hufunga, wafanyakazi hurudi makwao, na mgeni anabaki na barabara ndefu ya maduka yenye makufuli. Mitaa ya hoteli ya Albufeira, Ureno, ndivyo inavyokuwa Januari, na sehemu kubwa ya Santorini, Ugiriki, vivyo hivyo. Chumba utakipata kwa bei ya chini kweli, lakini teksi ya kwenda kutafuta chakula itaila nafuu yote, na jioni itakukuta chumbani unahesabu vigae. Mkiwa wawili mngecheka yakaisha. Peke yako utaanza kutafuta ndege ya kurudi mapema.

Kwa hiyo tafuta mji wenye wenyewe. Angalia kama una shule ya sekondari, hospitali, soko la samaki na mboga, stendi ya mabasi. Mji wa namna hiyo haungoji watalii ndipo ufungue milango. Nawe unaweza kuupima ukiwa mbali: fungua ratiba ya mabasi ya majira ya baridi, usidanganyike na ile ya majira ya joto, soma maoni ya wageni waliolala pale Januari na Februari tu, kisha mwandikie mwenye nyumba umuulize ni mkahawa gani wa jirani unaofunguliwa Jumatatu usiku. Akikutajia mkahawa, vizuri. Akianza kukusifia mandhari, endelea kutafuta.

Sasa tarehe. Watu husema safari za baridi ni rahisi, lakini baridi nayo ina misimu yake ya bei kupaa. Kuanzia Krismasi hadi siku chache ndani ya Januari usitarajie unafuu. Madeira, kisiwa cha Ureno, ni mfano mzuri: fataki za mkesha wa mwaka mpya pale Funchal, mji wake mkuu, huvuta wageni na meli za kitalii, na vyumba hupanda bei ipasavyo. Hispania husherehekea Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomwendea mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, kwa hiyo likizo zao hazijaisha kabla ya hapo. Februari ikishakolea, shule za Ufaransa na Uingereza hutoa likizo zao za katikati, na kule Santa Cruz de Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, mji hufurika kwa kanivali. Katikati ya misukosuko hiyo kuna nafasi, kuanzia tarehe 8 hivi ya Januari hadi mwezi uishe. Mapema Desemba nako si kubaya, ila tarehe 6 na 8 ni sikukuu Hispania, na wengi huziunganisha na wikendi wakasafiri. Ukipewa nafasi ya kuchagua kazini, omba Januari, na uruke Jumanne au Jumatano, ambapo mara nyingi nauli huwa chini.

Theluji usinitajie. Mchezo wa kuteleza juu yake unadai vifaa vya kukodi, tiketi ya lifti ya kupandia mlima na mwalimu, na vyote hivyo unavilipa peke yako. Rovaniemi kule Ufini hujaa Desemba kwa wanaomfuata Baba Krismasi. Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayekwenda kutazama mianga ya kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku, atafurahi, lakini wewe umeniambia kinachokuchosha ni giza.

Mimi ningekupeleka Tavira, Ureno, upande wa mashariki wa Algarve, mkoa wa kusini mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Hispania. Ndege hushuka Faro mwaka mzima. Ukifika unachukua basi hadi mjini Faro, kisha treni ya mkoa, na chini ya saa moja uko Tavira. Mto Gilão unapita katikati ya mji. Nje kidogo kuna mashamba ya chumvi ambamo heroe, yaani flamingo, hutembea kwenye maji mafupi wakijitafutia chakula, na hakuna anayekutoza kiingilio kuwatazama. Mji wote unauzunguka kwa miguu, jambo ambalo kwa msafiri wa peke yake ni akiba kubwa, maana gari la kukodi utalilipia wewe mwenyewe tangu bima hadi petroli. Mchana wa Januari hufika nyuzi 16 hivi na usiku hushuka chini ya 10. Bahari ya kuogelea haipo, mvua ipo, na sweta ni lazima. Lakini unalipa bei ya mji wa kawaida, na ukiketi mkahawani na kitabu chako hakuna atakayekufukuza.

Kama unataka joto hasa, shuka kusini zaidi hadi Visiwa vya Kanari. Ni vya Hispania, ila viko karibu na pwani ya Afrika. Januari mchana hufika nyuzi 20 na kitu, na hata siku iliyo fupi kuliko zote mwakani utapata zaidi ya saa kumi za mwanga, wakati London haifikishi hata nane. Tatizo ni kwamba kila mtu analijua hilo, na kule baridi ndiyo msimu wa wageni wengi. Basi usiishie kwenye hoteli kubwa za kusini mwa Tenerife. Kutoka uwanja wa ndege wa kusini nenda bandari ya Los Cristianos upande feri, na baada ya kama saa moja uko San Sebastián, makao makuu ya kisiwa cha La Gomera. Hapo ndipo Columbus alipong'oa nanga mwaka 1492. Siku hizi ni mji mdogo wa ofisi, hospitali na wanafunzi, ndio aina ya mji niliokueleza. Mlimani kuna msitu wa Garajonay, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1986. Huko ukungu hushuka ghafla, kwa hiyo usidanganywe na jua la bandarini ukaacha koti. Wenyeji wana lugha yao ya mluzi ya kuitana kutoka bonde hadi bonde, na watoto wanafundishwa shuleni. Mabasi, ambayo wao huyaita guagua, ni machache kwa siku, likikupita, limekupita. Na ndege yako ikitua usiku, lala Los Cristianos uvuke asubuhi.

Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, nimekiweka cha tatu. Kiingereza ni lugha rasmi, feri kutoka Ċirkewwa, bandari ya kisiwa kikubwa cha Malta, huchukua dakika 25 hivi, na nauli unailipa wakati wa kurudi tu. Ila Januari ina mvua na upepo, na nyumba za mawe zile huhifadhi baridi kweli kweli.

Hapo pa nyumba nikae kidogo, kwa sababu wasafiri wengi wanaangalia nyuzi za nje na kusahau za ndani. Kusini mwa Ulaya nyumba nyingi zimejengwa kukwepa joto: sakafu za vigae, kuta nene, madirisha madogo. Januari unaweza kukuta barazani pana joto kuliko kitandani. Muulize mwenye nyumba maswali matatu: kuna kipasha joto chumbani au ni kiyoyozi kinachotoa pia hewa ya moto, umeme umo ndani ya kodi au unasomwa kwenye mita, na dirisha linatazama wapi. Jua la majira ya baridi huko hupita chini upande wa kusini, hivyo chumba cha juu chenye dirisha la kusini kitapashwa bure mchana kutwa. Ningekilipia zaidi kidogo kuliko chumba cha kaskazini chenye picha nzuri.

Halafu kuna adhabu ya kuwa peke yako. Bei unazoziona kwenye matangazo ya likizo za kulipia vyote pamoja kwa kawaida ni za mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Ukiwa mmoja wanakuongezea. Kwa hiyo linganisha jumla ya mwisho, si ile namba ya juu yenye rangi. Nyumba ndogo za wageni za zamani mara nyingi zina vyumba vya kitanda kimoja kweli. Ukipanga chumba chenye jiko, kumbuka kwamba ada ya usafi ni ileile ulale siku mbili au kumi, na wenye nyumba wengi hupunguza bei kwa anayekaa wiki nzima. Kaa mahali pamoja. Kuhamahama kila baada ya siku mbili kunakula pesa, na huo utulivu unaoutafuta utauacha vituoni. Mzigo wako uwe begi moja linaloingia chini ya kiti, uliopimwa nyumbani. Mashirika ya nauli nafuu hutoza zaidi begi linapogundulika uwanjani.

Viza: kama pasipoti yako inaidai, ombi la Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Mpaka ikutoke, weka malazi yanayoweza kufutwa bila faini. Kama tayari una kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen, hayo hayakuhusu.

Fika mchana. Desemba kule Algarve jua linazama kama saa kumi na moja na robo jioni, na kutafuta mlango usioujua gizani na begi mkononi si mwanzo mzuri. Ukipanda mlima peke yako, mwambie mwenye nyumba njia utakayopita na saa ya kurudi. Baada ya mvua kubwa njia nyingine hufungwa. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Nami nitumie ujumbe mmoja kila jioni, hata wa neno moja. Sitakupigia.

Ukisharuhusiwa kazini, niandikie tarehe kabla hujalipa nauli. Ukiamua La Gomera, tutaweka saa ya ndege kutua kando ya ratiba ya feri tuone kama zinapatana. Ukiamua Tavira, anza kumsumbua mwenye nyumba kuhusu lile dirisha.

Nakupenda,
Mama yako